UZI: Niliambiwa wasifu wa baba uwe ukurasa mmoja. Haya ndiyo yaliyobaki nje

#1 BintiWaFundi (mleta uzi)

Habari za saa hizi wakuu. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu.

Baba yangu mzazi amefariki wiki tano zilizopita akiwa na miaka 71. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na ndiye ninayesemekana "anajua kuandika", kwa hiyo wasifu wa marehemu ukaniangukia. Sharti lilikuwa ukurasa mmoja, watu wasichoke. Nikaandika kama wanavyoandika wote. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa fundi wa laini za umeme, akatumikia miaka 34, akastaafu, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu sita. Mwishoni nikachomeka: "Pia alipenda kujitolea katika jamii." Nikausoma mbele za watu bila kudondosha chozi. Tuliporudi nyumbani mdogo wetu wa mwisho akaniuliza, dada, yule uliyemsoma pale ni nani?

Hakuwa ananitania. Hilo swali limenikaa mpaka leo, ndiyo maana nipo hapa.

Naanza na glavu. Kabla ya kila zamu mzee alikaa kizingitini na glavu zake za mpira, zile nene za umeme mkubwa. Anachukua moja, anaitanua mdomo iingie hewa, kisha anaikunja kuanzia pindoni, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka hewa yote ikimbilie vidoleni na vidole vivimbe kama chuchu za mbuzi ambaye hajakamuliwa. Hapo anaisogeza shavuni, anafumba macho, anatulia. Anatafuta tundu. Alisema shavu linausikia upepo kabla ya sikio. Nikiwa na miaka sita hivi nikamuuliza, si uliipima jana baba? Akajibu, "Ya jana niliivaa jana."

Kulikuwa na ya testa pia. Fundi wa laini hagusi waya eti kwa kuwa ameambiwa umezimwa. Anapima. Lakini kabla ya kuupima, anaipima testa yenyewe mahali anapojua umeme upo, iwake. Kisha anapima waya uliozimwa, isiwake. Kisha anarudi kulekule kwenye umeme, iwake tena, maana testa inaweza kufa hapo katikati ikakudanganya. Sasa mzee utaratibu huu aliuleta nyumbani. Ukisema huna homa, anagusa paji lake, anagusa lako, anarudi kugusa lake. Watoto wote wanne tumepimwa hivyo, na wajukuu nao. Mama alikuwa akimwambia, hicho kipimo chako nacho kina homa.

Nisimpambe sana. Alikuwa anachosha. Tukialikwa mahali, kabla hajakaa keshaanza kukagua soketi za watu. Mchumba wangu alipokuja kujitambulisha, swali la kwanza aliloulizwa na baba mkwe mtarajiwa ni kama anajua swichi kuu ya kwao iko wapi. Hakujua. Ilichukua muda kusamehewa.

Kujitolea kwake kulianza na kifo. Alikuwa na miaka 26, kazini hajatimiza hata mitatu, mwenzake akapigwa na umeme juu ya nguzo. Wakamshusha. Baba alinisimulia hili mara moja tu, nikiwa mtu mzima tayari, na kilichomkaa kichwani ni mikono. Watu kumi na mmoja wamesimama, mikono ishirini na miwili iko kichwani, hakuna hata mmoja unaofanya kitu. Mmoja akakimbia kuleta maji ya kumwagia. Yule jamaa akafia palepale, wote wanamtazama.

Mwezi uliofuata baba akajiandikisha mafunzo ya huduma ya kwanza. Baada ya miaka miwili akawa anafundisha yeye, Jumamosi mchana, bure, na hakuacha hadi mwaka jana magoti yalipogoma.

Vifaa vya mafunzo vilikaa kwetu. Kabati la chumbani kwa wazazi lilikuwa na mdoli wa mazoezi, kichwa na kiwiliwili tu, mwanamke amefumba macho, anatabasamu kwa mbali. Tulimwita Shangazi. Watoto wageni walikuwa wakilifungua hilo kabati kwa bahati mbaya wanatoka mbio. Ukimkandamiza Shangazi kifua kwa kina kinachotakiwa, ndani kunalia *tik*. Ukilegeza mkono, kimya. Sisi tumekulia kwenye hiyo *tik*. Ijumaa usiku mmelala, mnasikia mzee anajikumbusha somo la kesho, tik, tik, tik, na mama anasema lala, huyo alishapona.

Halafu damu. Alikuwa kundi la O hasi, lile ambalo kwa dharura anaweza kupewa karibu mgonjwa yeyote kabla kundi lake halijajulikana. Alichangia kila miezi mitatu. Nimekuta kadi nne zimejaa mihuri, na ya tano inaishia pale umri ulipomkataza.

Usiku wenyewe nitausema kwa kifupi. Nilikuwa nimeenda kuwatembelea. Saa kumi alfajiri mama akaita. Baba yuko sakafuni, anakoroma kwa kukatakata, halafu akanyamaza. Nikapiga magoti. Mdogo wangu akapiga simu, tukawa tunapokezana mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Nilisikia mbavu zikilia chini ya viganja vyangu. Alikuwa ametuambia miaka yote kwamba zitalia na tusiache. Hatukuacha. Hakurudi.

Sijaja kuomba ushauri. Nimekuja kuyaweka haya mahali. Ila kama yupo anayejua hii kazi, aniambie ukweli: ule mkoromo wa mwanzo, niliupotezea sekunde ngapi nikidhani anapumua?

#2 MsomajiKimya

Pole sana dada. Hiyo ya kupima homa mara tatu nimecheka peke yangu kwenye foleni, watu wananiangalia. Mungu amrehemu mzee.

#3 FundiMstaafu

Mwanangu, pokea pole yangu. Mimi nimeshuka nguzoni miaka saba iliyopita. Kila ulichoandika kuhusu glavu na testa ndivyo kilivyo, na ambaye hakufanya hivyo simkuti kwenye vikao vya wastaafu.

Nikuongezee kitu ambacho pengine baba yako alikijua. Kwenye karakana yetu kulibandikwa picha moja, karibu na mlango. Ni ya mwaka 1967, Jacksonville, Florida. Fundi wa laini, Randall Champion, amepigwa na umeme, ananing'inia kichwa chini kwenye mkanda wake. Mwenzake, J. D. Thompson, amepanda, amemshika kichwa, anampulizia pumzi mdomoni hukohuko juu. Aliyeipiga hiyo picha ni Rocco Morabito, na mwaka 1968 ikampa tuzo ya Pulitzer. Champion alipona, akaishi miaka mingi. Tulikuwa tunaipita hiyo picha kila asubuhi kama vile mtu anavyopita saa ya ukutani.

Na kuna jambo watu wengi hawalijui. Huku kukandamiza kifua kunakofundishwa dunia nzima kuna mkono wa kazi yetu. Makampuni ya umeme kule Marekani yalikuwa yanapoteza mafundi wa laini, yakagharamia utafiti wa kujua umeme unaufanya nini moyo. Mmoja wa waliopewa kazi hiyo alikuwa William Kouwenhoven wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Hakuwa daktari, alikuwa mhandisi wa umeme. Wakathibitisha kwamba umeme ukipita kifuani moyo unaweza kuacha kupiga na kuanza kutetemeka ovyo, na kwamba mshtuko mwingine wa umeme unaweza kuurudisha kwenye mstari. Wakaendelea na majaribio ya kushtua mioyo ya mbwa. Kijana wa maabara yake, Knickerbocker, akaona kwamba zile pedi za chuma zikikandamizwa kifuani kwa nguvu, hata kabla ya umeme kuwashwa, presha ya damu inapanda. Mwaka 1960 yeye, Kouwenhoven na daktari Jude wakachapisha matokeo yao: mikono miwili inatosha kuzungusha damu, hakuna haja ya kupasua kifua.

Kwa hiyo mzee wako alipotoka nguzoni kwenda kufundisha watu kukandamiza vifua, hakuwa amebadili fani.

#4 Mwanakweli

Nitasema ambalo wengine hawatalisema, mnisamehe msiba ni mbichi.

Baba yangu naye alikuwa "mtu wa watu". Kila kamati yumo, kila msiba yumo, mgonjwa wa mtaa wa pili anamjua kwa jina, mimi darasa ninalosoma halijui. Alipofariki watu walijaa mpaka barabarani, kila mmoja analia kuliko mimi. Nilikaa pale nikisikiliza wasifu nikajiona kama mgeni mwalikwa.

Jumamosi zote za miaka arobaini na kitu ni nyingi, dada. Kuna mtu alizilipia. Mama yako anasemaje?

#5 MsomajiKimya

Aisee Mwanakweli, si ungesubiri kidogo?

#6 Mwanakweli

Kasema mwenyewe asipambwe.

#7 MuuguziWaZamu

BintiWaFundi, nakujibu swali lako la mwisho, maana naona wengine wamelipita.

Ule mkoromo haukuwa kupumua. Moyo ukisimama ghafla, shina la ubongo huendelea kidogo kurusha pumzi za kukatakata, kama mtu anayekoroma au samaki aliyetolewa majini. Huwachanganya hata wahudumu. Tunachofundisha siku hizi ni rahisi: haitikii, na hapumui kwa kawaida, anza. Ukianza kwa mtu ambaye kumbe moyo unapiga, madhara ni madogo kulinganisha na kutokuanza kwa ambaye haupigi. Kwa simulizi yako ulianza mapema kuliko wengi ninaowapokea. Wengi hawaanzi kabisa.

Mbavu: kwa mtu mzima wa umri ule, kina kinachotakiwa ni sentimita 5 hadi 6, kasi 100 hadi 120 kwa dakika, na uache kifua kirudi juu kila mara. Ukifanya hivyo sawasawa mbavu kuvunjika ni jambo la kawaida. Mlipokezana, na hilo ndilo linalotakiwa, kila dakika mbili, kwa sababu baada ya hapo mkono unalegea na mwenye mkono hajui.

Sasa ukweli ulioomba. Hata Marekani, wenye magari ya wagonjwa na mashine za kushtua moyo mpaka viwanja vya ndege, anayesimama moyo nje ya hospitali na kutibiwa hutoka hai takriban mmoja kati ya kumi. Kwenye filamu wanaamka wote wanakohoa. Mimi nimeshakandamiza watu nikiwa na dawa, oksijeni na daktari pembeni, wakaondoka. Kukandamiza kunanunua dakika. Wakati mwingine hakuna cha kununulia.

Baba yako alilijua hili. Mwalimu wa huduma ya kwanza wa miaka mingi hivyo hawezi kutolijua.

#8 Kijana_wa_Juzi

Sisi tulifundishwa aliyepigwa na umeme unamfukia kwenye mchanga mpaka shingoni, ardhi inavuta umeme uliobaki mwilini. Babu yangu aliona kwa macho mtu ameamka.

#9 FundiMstaafu

Kijana, hilo naomba lifie hapahapa kwenye uzi huu.

Mwili si betri, hautunzi umeme. Mtu akishaachana na waya hana umeme wowote ndani yake, unamgusa bila wasiwasi. Huyo aliyeamka mchangani angeamka hata juu ya godoro, na wale ambao moyo ulikuwa umesimama walikufa wakichimbiwa shimo huku dakika zinapita. Nimeliona, na nililokuwa nalo kwa wachimbaji ni hasira mpaka leo.

Hatari iko kabla hajaachana na waya. Usimguse. Zima umeme kwanza, ndiyo maana baba wa huyu binti alikuwa anauliza watu swichi kuu iko wapi. Ikiwa ni laini kubwa iliyoanguka chini, usiisogelee kabisa hata kama unaona haitoi cheche. Umeme unasambaa ardhini na mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine unapita kwenye miguu yako. Ukijikuta umeshakaribia, buruza nyayo pamoja, hatua fupi fupi bila kuinua mguu, uondoke. Piga simu waje wenye kazi yao.

#10 BintiWaFundi

Asanteni nyote. MuuguziWaZamu, nimesoma jibu lako mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Nimempa mdogo wangu naye asome. Hakusema kitu, alitoka nje.

FundiMstaafu, ile picha! Alikuwa nayo. Ameikata kwenye gazeti, imekunjwa mara nne, ndani ya pochi. Nilidhani ni ajali fulani ya kazini kwao.

Mwanakweli, sijakasirika. Nilikwenda kumuuliza mama leo mchana, neno kwa neno kama ulivyoliuliza. Ninaandika alivyosema.

Akasema miaka ya mwanzo alimkasirikia sana. Mtoto mchanga mkononi, mwingine anatambaa, mume wiki nzima yuko nguzoni, usiku zamu ya dharura, na Jumamosi anabeba mdoli anaondoka. Watu wanamsifia njiani, yeye anafua. Siku moja akambebesha. Yaani alimpa baba mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi akamwambia, nenda nao, na wao ni jamii. Baba akaenda nao. Kuanzia siku hiyo Jumamosi tulikuwa tunakwenda wote tulioweza kutembea, na ndiyo maana mimi picha yangu ya utotoni kabisa ni ya watu wazima wamepiga magoti duara na mimi nimelala katikati nikiwa "mgonjwa". Nilikuwa naipenda kazi hiyo. Unalala tu.

Na Jumapili mama aliidai. Simu inaingia kwenye droo ya kabati, hakuna darasa, hakuna damu, hakuna soketi ya jirani. Akasema baba aliivunja mara mbili kwa miaka yote, na zote mbili anazikumbuka tarehe.

Lakini sitasema deni lilikwisha. Siku ya mahafali yangu ya shule ya msingi nilikuwa nasoma shairi mbele ya wazazi. Kiti chake kitupu. Alipigiwa simu wanahitaji O hasi, akaenda. Alifika watu wanakunja viti, amekunja shati, pamba na plasta kwenye kiwiko, anatabasamu kama aliyeshinda kitu. Nilikataa kutembea naye. Nikatembea upande wa pili wa barabara mpaka nyumbani, naye akatembea upande wake, tumelingana hatua, hakuna aliyevuka. Hatukuwahi kulizungumza. Nilijua kwa akili kwamba kuna mtu alihitaji ile damu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, akili haikunisaidia.

Aliyepewa ile damu hatukumjua na hatutamjua. Wakati mwingine nawaza, kama alipona, sasa hivi ni mtu mzima mwenye watoto wanaosoma mashairi yao. Na bado ningependa baba angekuwepo. Yote mawili yamo ndani yangu na hayagombani tena kama zamani.

#11 Mwanakweli

Nimekusoma. Asante kwa kutonijibu kwa hasira.

Baba yangu hakuwa na Jumapili. Nadhani ndiyo tofauti. Na mama yangu hakuwahi kumbebesha mtu mgongoni, alikuwa anafua tu.

Hiyo ya upande wa pili wa barabara imenikamata. Wangu angekuwa ameshafika nyumbani zamani.

#12 DamuMoja

Nimechangia mara 31 na bado nafumba macho sindano ikija, kwa hiyo huyu mzee namvulia kofia.

Wanaofuatilia mambo haya watamkumbuka James Harrison wa Australia, aliyefariki 2025 akiwa na miaka 88. Alichangia mara 1,173. Naye hakuwahi kuiangalia sindano hata siku moja. Akiwa na miaka 14 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa kifua, akaponea damu za watu asiowajua, akaahidi kulipa akifikisha umri. Alianza 1954. Plazima yake, yaani maji ya damu, ilikuwa na kingamwili ya kutengenezea dawa ya anti-D, wanayopewa wajawazito wenye Rh hasi (lile "hasi" la kwenye O hasi) ili miili yao isishambulie damu ya mtoto. Plazima unaweza kuitoa kila wiki mbili, ndiyo maana idadi ikafika huko. Alisimama 2018 kwa sababu ya umri, akiwa na miaka 81, na inasemekana alitaka kuendelea.

Sisi wa damu kamili, wanaume kila miezi mitatu, kama mililita 450 kila mara. Chembe nyekundu zinahifadhiwa wiki sita hivi kwenye friji, chembe sahani, zile za kugandisha damu, siku tano hadi saba tu. Ndiyo maana huwezi kuwachangisha watu wote siku moja ukajaza akiba ya mwaka. Wanahitajika watu wa kurudi kama huyu mzee, wale wa kadi nne.

#13 MwalimuWaHudumaYaKwanza

Poleni familia. Mimi ninafundisha pia, na nimekuja kwa ajili ya Shangazi.

Huyo mdoli ana historia. Asmund Laerdal wa Norwei alikuwa mtengenezaji wa midoli ya watoto, ya plastiki laini. Mwaka 1960 akatoa mdoli wa kufundishia kupuliza pumzi na kukandamiza kifua. Uso aliompa ni wa kinyago cha plasta kilichokuwa kikiuzwa Ulaya na kutundikwa kwenye kuta za watu, kinachodaiwa kuwa cha msichana aliyeopolewa mto Seine, Paris, asijulikane jina wala kwao. Ndiyo maana anatabasamu vile amefumba macho. Tunasema ndiye aliyebusiwa na watu wengi kuliko wote duniani.

Naomba kujua, mtamfanya nini?

#14 BintiWaFundi

Hilo la Seine mzee alitusimulia tukiwa wadogo mno, usiku, akidhani litatutoa hofu ya kabati. Unaweza kukisia matokeo.

Shangazi yupo kwangu sasa. Mama alisema hawezi kulala naye chumba kimoja bila mwenye naye. Tatizo halii tena, springi imechoka. Unakandamiza anabonyea tu kimya. Mdogo wangu, yule aliyetoka nje, amemfungua mgongo jana akakuta springi imeshawahi kubadilishwa, imefungwa kwa waya wa shaba, vile vifundo vya baba vya mizunguko mitatu. Amekaa nayo mkononi muda mrefu. Kisha akaniomba koleo.

#15 MwalimuWaHudumaYaKwanza

Nikitafuta nitapata springi ya modeli hiyo. Nitumie picha ya mgongo, kuna namba imechapwa chini ya shingo.

#16 Mama_wa_Mmoja

Samahani naibuka mwishoni. Nimeusoma uzi wote usiku huu, mtoto amelala kifuani kwangu. Ana miezi minne. Kwa mtoto wa hivi unakandamizaje? Kifua chenyewe kidogo kuliko kiganja changu.

#17 BintiWaFundi

Dada, mtu mwingine apige simu ya dharura wewe ukianza. Kama uko peke yako, weka simu kwenye spika pembeni.

Mlaze chali mahali pagumu, usitumie kitanda. Zungusha mikono yote miwili kifuani mwake, vidole gumba viwili vikutane kwenye mfupa wa kati, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Bonyeza mpaka theluthi ya unene wa kifua, kama sentimita 4, kasi ileile 100 hadi 120. Acha kirudi juu kila mara. Kwa mtoto usiziache pumzi, maana mara nyingi kinachotangulia kukosekana ni hewa: mdomo wako ufunike mdomo na pua yake kwa pamoja, puliza kidogo sana, hewa iliyoko mashavuni inatosha, uone kifua kinapanda.

Kusoma hapa hakutoshi, tafuta darasa ukashike mdoli wa mtoto kwa mikono yako. MwalimuWaHudumaYaKwanza atakuelekeza.

Na kwa usiku huu, soma hayo maelekezo. Kisha weka simu chini, uyaseme bila kuangalia. Kisha rudi uyasome tena.

Swichi kuu ya kwenu unajua iko wapi?